Viwango vipya vya masomo vimekuja: jinsi ya kupanga upya vipindi bila kuanza kila kitu upya

Walimu wenzangu, viwango vipya, yani yale maelezo ya kile mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya, vikishuka mambo huwa ni yaleyale, semina, makabrasha, halafu jumatatu upo mbele ya darasa lilelile na muda uleule. Na wengi tunachofanya ni kuchukua andalio la somo la zamani, tunabadilisha kichwa pale juu, tunachomeka namba ya kiwango kipya, maisha yanaendelea. Mkaguzi akija karatasi ziko safi kabisa, ila ukimuangalia mtoto anachofanya darasani ni kilekile cha miaka yote, kunakili ubaoni.

Ukitaka ibadilike kweli anzia mwisho. Yani amua kwanza mwanafunzi atafanya kitu gani mpaka wewe useme huyu kaweza, ndo urudi nyuma kupanga vipindi. Sio jambo la jana hili, mtaalamu wa mitaala Ralph Tyler mwaka 1949 tayari alikuwa anasisitiza mtaala uanzie kwenye malengo na tathmini ipime malengo hayohayo. Shida ni kwamba kwenye kutekeleza tunaanzia kwenye kitabu, ukurasa wa kwanza, twende.

Kwahiyo chukua kiwango kimoja, kimoja tu, na kalamu. Zungushia kitenzi, pigia mstari maudhui, alafu tafuta maneno ya masharti, yale madogomadogo kama "kwa kutoa ushahidi", "bila msaada", "kwa njia zaidi ya moja". Hayo ya masharti ndo watu wanayaruka na mara nyingi ndo ugeni wote uko humo, mada inaweza kuwa ileile uliyofundisha miaka kumi. Kwenye kitenzi wengi watakwambia angalia ngazi za kufikiri za Bloom, zile za 1956 zikarekebishwa 2001 zikawa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kuunda. Sawa zinasaidia, ila usizitegemee kichwakichwa, maana kitenzi kinaweza kukudanganya. "Eleza kwanini" inaonekana ni ngazi ya juu, lakini kama hizo sababu ulishaziandikisha kwenye daftari wiki iliyopita basi mtoto anakumbuka tu, hajaeleza chochote.

Ukimaliza hapo andika swali au kazi ya kupimia, kabla hujagusa andalio. Na uifanye mwenyewe, andika jibu zima kama mwanafunzi angeandika, sio kwenye kichwa. Hapo ndo utagundua swali lako linapima kitu kingine.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kiwango kinasema mwanafunzi alinganishe sehemu zenye asili tofauti na atoe sababu. Ukiuliza ipi kubwa kati ya 5/6 na 1/2, karibu darasa zima linaweza kupata na bado usijue kitu, kwasababu mtoto anayeamini "namba zikiwa kubwa basi sehemu ni kubwa" atakwambia 5/6, anayehesabu tofauti kati ya juu na chini huenda akaona tofauti zote ni 1 akasema zinalingana, na anayejua kweli naye atakwambia 5/6, sasa wa kwanza na wa tatu utawatenganishaje? Bora maswali matatu yaliyochaguliwa kwa akili. 3/8 na 1/2, hapa yule wa namba kubwa anakamatika kwasababu atachagua 3/8. Halafu 1/2 na 3/4, hapa anakamatika yule aliyekariri kwamba asili ikiwa ndogo sehemu inakuwa kubwa, atakwambia 1/2. Ya tatu 5/6 na 7/8, wa tofauti atasema sawa kwasababu zote zimebakiza moja, na yule wa asili ndogo atasema 5/6. Kila kosa lina alama yake, ukisahihisha hujui tu nani kakosa bali anawaza nini. Na kila swali liwe na mstari wa "umejuaje?", maana kiwango kimesema atoe sababu, usipouliza sababu hujapima kiwango. Kazi ya kutunga maswali kama haya ndo inakula muda kuliko vyote na mimi nasema ile muda kabisa, ndo roho ya kazi nzima.

Sasa kabla ya kuanza mada jua watoto wako wako wapi. Viwango vipya mara nyingi vinadhani mtoto alipitia viwango vipya vya mwaka uliotangulia, na yeye hakupitia, alisoma kwa vile vya zamani. Toa maswali mawili matatu ya vitu vinavyotangulia mada hiyo tu, dakika kumi, bila maksi. Ukikuta pengo lizibe palepale linapohitajika. Usijaribu kurudia mwaka mzima eti ndo uwe salama, hutamaliza na watakuchoka.

Linalouma zaidi ni kupunguza. Kiwango kinachodai mtoto achambue au ajenge hoja kinakula muda kuliko cha kutaja, ni lazima, kwahiyo ukiweka kipya juu ya vya zamani vyote silabasi itakushinda mwezi wa pili. Tandaza noti zako za zamani, zipange mafungu: hizi zinampeleka mtoto kwenye ile kazi ya kupimia, hizi zinampeleka nikizibadilisha kidogo, na hizi ni nzuri tu nimezizoea. Hilo fungu la mwisho weka kando. Ndio, hata lile somo ambalo darasa huwa linacheka sana. Na sio kila cha zamani ni kibaya jamani, zoezi la kitabu cha zamani lenye maswali ishirini yanayofanana ukichagua manne na kuongeza "swali gani hapa ni tofauti na wenzake na kwanini" tayari una kitu kipya.

Kwenye kipindi chenyewe jiulize swali moja: kile kitenzi, nani anakifanya? Kama kiwango kinasema achambue na wewe ndo umesimama unachambua wao wanaandika, basi umefaulu wewe. Lakini hapa watu wanarukia upande wa pili, wanasikia mwanafunzi awe kitovu cha somo basi wanawagawa makundi, wanawapa bango kitita na makapeni, wenyewe wanakaa pembeni. Mtoto mgeni wa jambo anahitaji kuonyeshwa kwanza, tena huku unasema kwa sauti unavyowaza, kisha mfanye pamoja, ndo aachiwe. Makundi nayo, kila mtu aandike jibu lake peke yake kwanza dakika mbili, alafu wawili wawili, ndo kundi, la sivyo anafanya mmoja wengine wanasindikiza.

Na ukiuliza swali nyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alifuatilia hili kwenye madarasa ya sayansi miaka ya 1970, akakuta walimu wanasubiri kama sekunde 1 hivi baada ya swali, na wakisubiri 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajaribu. Sekunde tatu ukiwa mbele ya darasa ni ndefu vibaya, hesabu kimoyomoyo.

Mwisho wa kipindi swali moja kwenye kipande cha karatasi, wanakuachia mlangoni. Usisahihishe na kuweka maksi, gawa tu mafungu, waliopata, waliokaribia, waliopotea, na fungu la waliopotea ndo linakuambia kesho uanze na nini. Darasa la watoto themanini? Soma ishirini za kuokota, zinatosha kukuonyesha hali. Ukiwarudishia kazi waandikie cha kurekebisha na uwape muda wa kurekebisha palepale darasani, alama iache mpaka baadaye. Mtafiti Ruth Butler mwaka 1988 alionyesha waliopewa maoni tupu walifanya vizuri kuliko waliopewa alama, na ukichanganya maoni na alama faida ya maoni inapotea, pengine kwasababu macho yote yanaenda kwenye namba.

Kuhusu ukubwa wa kazi, usibadilishe mwaka mzima kwa mkupuo. Mada moja au mbili kwa muhula, zile ambazo kiwango kipya kiko mbali zaidi na ulichokuwa unafanya, zingine ziendelee kama zilivyo kwanza. Na tafuta mwalimu mwenzako wa somo hilohilo, mchukue kazi tano za wanafunzi msahihishe kila mtu kivyake bila kuoneshana, alafu mlinganishe. Mkitofautiana sana basi hamjakubaliana kiwango kinadai nini, na afadhali ugomvi huo muumalize kwenye meza ya ofisi ya walimu kabla wazazi hawajaanza kuuliza kwanini mkondo huu unatoa A kirahisi kuliko ule.

Mtihani wa mwisho ukiwa bado ni wa mtindo wa zamani, na mara nyingi huchelewa kubadilika, wape maswali ya mtindo huo wiki chache kabla wauzoee muundo wake. Miezi mingine yote endelea na kazi zako mpya, na zile karatasi za mlangoni ziandikie tarehe uzitunze kwenye faili, mwakani ukifika mada hiyo uzipitie kabla hujaandika andalio.