Kope la juu limeshuka: namna ya kuchagua upasuaji unaofaa

Mgonjwa akikaa mbele yako kope limefunika nusu ya mboni, ni rahisi kuchagua upasuaji kwa kuangalia kope lilivyoshuka. Usifanye hivyo. Kinachoamua ni nguvu iliyobaki kwenye levata, msuli unaoinua kope. Nguvu hiyo unaipima kwa rula ndogo ya milimita, haichukui hata dakika moja, na bado kuna wanaoiruka. Nawaandikia madaktari wenzangu wanaoanza upasuaji wa kope.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo linahitaji kisu

Tazama mboni kwanza. Ikiwa imepanuka upande wa kope lililoshuka, na jicho limeelekea nje na chini, neva ya tatu ya kichwa, inayoendesha jicho na kope, imeguswa, na huenda mshipa wa damu kichwani umevimba. Hiyo ni dharura. Apelekwe kupigwa picha ya kichwa siku hiyohiyo. Mboni ikiwa ndogo kuliko ya upande wa pili, chunguza shingo na kifua kabla ya kugusa kope.

Kama kope huzidi kushuka jioni, mwambie atazame juu kwa dakika moja bila kupumzika. Likianza kuteremka, fikiria miastenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi. Jaza barafu kwenye glavu, iweke juu ya kope lililofungwa kwa dakika 2. Likipanda milimita 2 au zaidi, anza na uchunguzi na dawa, upasuaji usubiri.

Hatua ya 2: Pima

Mulika tochi, kisha pima kutoka nukta ya mwanga kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, hadi ukingo wa kope la juu. Kawaida ni milimita 4 hadi 5.

Sasa levata. Bonyeza nyusi kwa kidole gumba mpaka usikie mfupa, na usilegeze. Wagonjwa wa muda mrefu huinua kope kwa paji la uso bila kujua, na paji likikusaidia kipimo chote ni batili. Mwambie atazame chini kabisa, weka sifuri ya rula kwenye ukingo wa kope, kisha atazame juu bila kuinua kichwa, usome ukingo umefika milimita ngapi. Rudia mara tatu. Ukiona makunyanzi ya paji yanacheza, hukubonyeza vya kutosha.

Hatua ya 3: Chagua

Levata ikiinua kope milimita 4 au chini: msuli huo hautakubeba hata ukiukata kiasi gani. Unganisha kope na msuli wa paji kwa utepe. Kwa mtoto, utando mgumu wa paja lake mwenyewe hudumu zaidi, ila mguu uwe umekua vya kutosha, kwa kawaida kuanzia miaka 3 au 4. Mdogo zaidi ya hapo, tumia silikoni. Kope likiziba mboni ya mtoto usimsubirishe, maana jicho lisiloona picha safi utotoni huwa vivu hata kope likija kunyanyuliwa baadaye.

Kati ya 5 na 9: fupisha levata yenyewe.

Kuanzia 10: hapa wengi ni watu wazima ambao utando wa levata umelegea au kuachia, kwa umri, baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, au kwa kuvaa lenzi ngumu miaka mingi. Mkunjo wa kope huwa umepanda juu. Ama rudisha utando huo mahali pake kupitia ngozi, ama punguza msuli wa Müller, msuli mdogo ulio nyuma ya levata, kwa ndani ya kope. Ili kuchagua, weka tone la fenilefrini asilimia 2.5, dawa inayochochea msuli wa Müller, subiri dakika 5, upime tena. Kope likipanda vizuri, njia ya ndani inafaa. Lakini ligeuze kope kwanza. Kwenye maeneo yenye trakoma, maambukizi ya macho, utakuta makovu, na mimi kwenye makovu napita mbele, kwa ngozi.

Tone likishanyanyua kope, angalia jicho la pili. Nalo likishuka, tatizo lilikuwa pande zote mbili.

Hatua ya 4: Linda konea

Shika kope kwa vidole likae wazi, mwambie ajaribu kufumba. Je, jicho linazunguka kwenda juu? Gusa konea kwa ncha ya pamba, angalia na machozi. Jicho lisipozunguka, au konea ikiwa haina hisia, au ni kavu, nyanyua kidogo tu, mboni ifunguke basi. Hapo silikoni ina faida, kwa sababu inaweza kulegezwa.

Mtu mzima mfanyie kwa ganzi, umkalishe mezani kabla ya kufunga nyuzi. Kumbuka adrenalini iliyo kwenye ganzi huchochea msuli wa Müller, kwa hiyo kope linaweza kuonekana juu kuliko litakavyokuwa kesho yake.

Mzazi wa mtoto atakayewekewa utepe aelezwe kabla ya kusaini: mtoto atalala jicho likiwa wazi kidogo, na atapakwa mafuta ya macho kila usiku. Jicho likiwa jekundu au likiogopa mwanga, arudi mara moja, asingoje tarehe ya kliniki.