Somo: Mchezesheni kwanza, pumzi baadaye. Namna ya kumpunguzia mwanafunzi msongo wa mawazo

Habari za kazi walimu, na wazazi mliomo humu kundini.

Matokeo ya mtihani wa utamilifu yakishabandikwa ubaoni, mwalimu yeyote wa malezi hapa Kigoma anajua kitakachofuata. Kichwa kinaniuma. Tumbo linasokota. Mwalimu, nasikia kizunguzungu. Panadoli kwenye sanduku la huduma ya kwanza zinaisha kabla ya chaki. Mpelekeni mtoto akapimwe kwanza, maana huku kwetu malaria haitaniwi, lakini vipimo vikirudi safi mara tatu mfululizo ujue kinachomsumbua si mbu.

Mmeniomba niandike hatua kwa hatua tunachofanya na watoto wetu pale shuleni Mwanga. Msimamo wangu nautanguliza: usianze kwa kumwambia mwanafunzi afumbe macho atulie. Mchezeshe. Mtoto aliyecheza hutulia mwenyewe. Aliyelazimishwa kutulia hunyamaza tu, na moyo wake unaendelea kwenda mbio.

Sababu yake ni ya kimwili. Mtu akihisi hatari, iwe ni nyoka au karatasi ya Hisabati, mwili unamwaga adrenalini: mapigo ya moyo yanapanda, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Mwili huo umejiandaa kukimbia au kupigana. Sisi tunauambia ukae kwenye dawati ukokotoe logi. Mchezo unaupa mwili ile mbio uliyokuwa umeiandalia, na hapo ndipo pumzi na utulivu vinapata pa kushika.

Tena hatutaki kuumaliza msongo wote. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafanyia panya majaribio wakaona kwamba msukumo wa kiasi unasaidia kujifunza, ila ukizidi, kazi ngumu ndiyo inayoharibika kwanza. Mwanafunzi asiye na wasiwasi hata chembe kuhusu mtihani wa taifa wa Novemba naye ana tatizo lake, ila si la somo hili.

Maandalizi

Dakika kumi na tano zinatosha. Sisi tunatumia muda baada ya kusafisha mazingira, kabla ya kipindi cha kwanza. Mkuu wa shule ajue, na walimu wa zamu wajue, la sivyo mtu atatoka ofisini na fimbo akidhani darasa limeasi. Usichukue mapumziko ya watoto kufanyia hili. Utakuwa umewaongezea kipindi.

Vifaa: mpira wa matambara au makaratasi uliofungwa kamba, na ndoo ndogo ya kokoto. Tulio karibu na ziwa tunaokota zile laini za ufukweni. Kasulu na Kibondo za barabarani zinafaa vilevile.

Hatua ya 1: Wachangamshe

Wasimame duara. Mwenye mpira anataja jina la mwenzake ndipo anamrushia. Mzunguko wa kwanza polepole, wa pili haraka, wa tatu unaongeza mpira wa pili. Watacheka, watakosea, watapigana vikumbo. Mwalimu ingia ndani ya duara ukose mpira nawe. Wanafunzi wakishamwona mwalimu wa Fizikia anadondosha mpira wa matambara, nusu ya kazi imekwisha. Hakuna anayetolewa nje kwa kukosa. Mchezo wa kutoana unawaongezea presha walewale wanaoogopa kushindwa.

Kama uwanja upo, rede ni bora zaidi: wawili wanarusha, wa katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga.

Hatua ya 2: Washushe taratibu

Usikate mchezo ghafla. Waambie watembee kama mtu anayeingia ziwani pale penye mawe yenye utelezi: unapapasa kwa unyayo, unauhakikisha, ndipo unahamisha uzito. Watoto wa Kibirizi wanalifanya hili bila kufundishwa. Dakika mbili tu, bila kuongea.

Hatua ya 3: Pumzi ya vidole

Wasimame au wakae. Mkono mmoja ufunguliwe vidole. Kidole cha mkono wa pili kipande taratibu kwenye ubavu wa dole gumba huku anavuta hewa kwa pua, kwa hesabu ya nne. Kishuke upande wa pili huku anaitoa, kwa hesabu ya sita. Halafu kidole kinachofuata, mpaka vitano viishe. Macho yabaki wazi, yakiangalia vidole.

Hesabu ya kutoa hewa ndiyo muhimu. Unapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kidogo. Ukirefusha kutoa, unaurefusha huo unafuu. Ukienda kwa mwendo wa nne kwa sita, unapumua kama mara 6 kwa dakika, wakati kawaida mtu aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20. Asiyefika sita aishie tano. Asishindane na jirani, na asivute hewa nyingi kwa nguvu, maana atapata kizunguzungu.

Hatua ya 4: Kokoto

Hapa ndipo ninapopapenda. Kila mmoja anachukua kokoto moja kwenye ndoo, anaiangalia dakika nzima: rangi yake, mstari mweupe uliokatiza, upande uliomeguka, ubaridi wake unavyopungua kiganjani. Akili ikikimbilia kwenye ada au kwenye mtihani, hakuna kosa, airudishe kwenye kokoto. Kurudisha ndilo zoezi lenyewe. Kisha kokoto zote zinarudi kwenye ndoo, unazichanganya, unazimwaga mezani, kila mtu atafute yake.

Mara ya kwanza wanakuwa na hakika kwamba hawataipata. Wanaipata. Utawasikia wanagombana, "Acha, hiyo yangu, ina kovu hapa!" Mtoto ambaye dakika ishirini zilizopita hakuweza kusoma mstari mmoja ameikumbuka kokoto moja kati ya tisini.

Wiki inayofuata tumieni kokoto hizohizo kwa mdako. Unachimba kishimo, unazitia humo, unarusha moja juu, na kabla haijashuka unazichota za shimoni kisha unaidaka. Ukirusha tena unazirudisha, unabakiza moja nje. Jicho likibanduka kwenye ile ya juu, umekosa, zamu inahama. Bibi zetu hawakuuita mdako mazoezi ya akili, lakini jaribu kucheza huku unawaza deni la dukani uone utadaka ngapi.

Hatua ya 5: Neno moja

Anayetaka aseme neno moja la namna anavyojisikia. Asiyetaka apitishe. Msiwachimbe watoto mbele ya wenzao, na kinachosemwa kisifike ofisini kama umbea. Tuna pia boksi la karatasi zisizo na majina, na humo ndimo mnamotoka mambo mazito.

Kwenye boksi hilo mtakuta mambo ambayo hakuna pumzi inayoyatibu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nyumba zinazoishi kwa dagaa zilibana matumizi, na mtoto aliyekuja bila kunywa hata uji huwezi kumwambia ahesabu vidole. Hata ziwa likiwa wazi, siku za giza lisilo na mbalamwezi, mitumbwi inapoingia alfajiri, wapo wanaoanika dagaa kabla ya kuja shule, halafu tunawaita wavivu kwa sababu wanasinzia. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Huyo mzungumze na mzazi wake kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa sekondari, Kasulu: Mwalimu, somo zuri, lakini mimi nina wanafunzi tisini na kitu katika chumba kimoja. Duara nitalitolea wapi?

Usilitafute. Wacheze kwenye mistari ya madawati: mpira unapita nyuma kwa mkono wa kulia na kurudi kwa wa kushoto, mistari inashindana. Mchezo mwingine ni kioo: wawili wanatazamana, mmoja anasogeza mikono polepole, mwenzake anamfuatisha, kisha wanabadilishana. Hauhitaji nafasi wala kelele. Kokoto gawa kwa makundi ya kumi kumi, na wafundishe viongozi wa makundi mapema.

Mzazi, Ujiji: Samahani mwalimu, mwanangu kaja nyumbani ananiambia wanafundishwa kupumua. Hii si ibada ya watu wengine?

Shikamoo mama, na umefanya vizuri kuuliza. Ni kweli mazoezi mengi ya aina hii yana asili katika dini ya Kibudha. Mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, aliyaandaa upya bila ibada, akiwalenga wagonjwa waliokuwa na maumivu ya muda mrefu. Tunachofanya sisi ni mpira, vidole na kokoto. Hakuna neno la kuimba, hakuna anayeombwa, na mtoto ana ruhusa ya kukaa pembeni. Karibu shuleni asubuhi yoyote ushuhudie, na ukipenda ucheze mdako, nina hakika utatushinda.

Mwalimu wa taaluma, Uvinza: Nyie watu wa malezi niambieni kitu kimoja. Ufaulu unapanda?

Kaka, sitakuahidi. Uingereza walifanya utafiti mkubwa, shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000 wa umri wa kuanzia miaka 11, nusu wakifundishwa mazoezi ya utulivu darasani. Matokeo yalitolewa 2022: hawakuwa na unafuu wa afya ya akili kuliko wenzao walioendelea na masomo yao ya kawaida ya stadi za maisha. Na wengi hawakuyafanya mazoezi hayo nyumbani. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: ukilifanya liwe kipindi kingine cha kukaa na kusikiliza, watalichukulia kama kipindi kingine. Ndiyo maana naweka mchezo mbele. Ninachoweza kukuambia ni kwamba baada ya robo saa hiyo nafundisha darasa lililoamka. Ukitaka ufaulu, anza na vitabu na walimu wa Hisabati.

Matroni wa bweni: Kuna binti nikimwambia afumbe macho anaanza kuhema haraka na kulia. Niendelee naye taratibu au niache?

Acha, dada. Usimrudishe huko. Wapo watoto waliopitia mambo makubwa, na mkoa wetu umepokea wengi waliokimbia vita. Wakifumba macho wanayaona yaleyale. Akianza kuhema, macho wazi, akanyage sakafu kwa nguvu, aguse ukuta, akutajie vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kuvigusa, vitatu anavyovisikia. Mpe maji ya baridi anawe uso. Mwambie kwa sauti ya kawaida alipo na uko naye. Usimkumbatie bila kumwuliza.

Halafu usibaki naye peke yako. Hili ni la afisa ustawi wa jamii na la kituo cha afya. Ukihisi kuna anayemfanyia ukatili, au akisema anataka kujidhuru, siku hiyohiyo toa taarifa: simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Usimwahidi kwamba utaficha siri. Mwahidi kwamba hutamwacha.

Mwalimu wa msingi, Buhigwe: Wavulana wangu wanasema mdako ni wa wasichana.

Waambie wacheze na wasichana mbele ya darasa. Watashindwa vibaya, na kesho yake utawakuta nyuma ya choo wanajifunza. Kama bado wanagoma, wape mchezo wa bao.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kigoma Mjini: Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma vizuri tu, ila nikipewa karatasi ya Hisabati kila kitu kinafutika kichwani. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Hakijafutika, kimezibwa na ule mshtuko. Ukipewa karatasi usishike kalamu bado. Weka nyayo zote mbili sakafuni, fanya pumzi ya vidole chini ya meza, vidole vitano vya mkono mmoja tu, hakuna atakayekuona. Haifiki dakika moja. Kisha soma karatasi yote, tia alama kwenye maswali matatu unayoyaweza, anza na jepesi kuliko yote hata kama ni la mwisho. Ukikwama katikati, toa pumzi ndefu tatu, ruka, utarudi.

Ila usisubiri Novemba ndipo ujaribu. Kila jumamosi chukua mtihani wa miaka iliyopita, weka saa, mwombe mwenzako asimame nyuma yako kama msimamizi, ufanye hivyohivyo. Na usiku wa kuamkia mtihani, ikifika saa tatu ulale.

Mwanafunzi huyohuyo: Saa tatu ndiyo kwanza tunaanza kujisomea bwenini, mwalimu.

Basi nimtafute matroni wako.