Kuchagua kisu cha jikoni na kukinoa mwenyewe, hatua kwa hatua

Jamani nianze na hili, visu vingi vinavyotupwa majumbani au kuishia kufungulia makopo havijaisha wala si vibovu, havijawahi kunolewa tu. Mtu ananunua kisu, miezi ya mwanzo kinakata vizuri, kikianza kuteleza juu ya ganda la nyanya anasema feki hiki anaenda kununua kingine. Mimi napika kwenye shughuli, harusi, maulidi, misiba, huko vitunguu vinamenywa kwa gunia na nyama unaletewa ng'ombe mzima, kwa hiyo kisu butu kinakumaliza bega kabla hata masufuria hayajapanda jikoni. Ukiniuliza pesa uiweke wapi ntakwambia nunua kisu cha kawaida chenye chuma kizuri halafu ununue na jiwe la kunolea la maana. Wengi wanafanya kinyume, kisu cha bei mbaya halafu jiwe hawana kabisa.

Na lile suala la kwamba kisu kikali ni hatari, hapana. Kisu butu inabidi ukikandamize, ukishakandamiza kinateleza, na kinapoteleza nguvu yako yote inaishia kwenye vidole. Halafu kinaponda kitunguu badala ya kukikata, ndo maana unalia sana.

Hatua ya 1: Visu viwili vinatosha

Kimoja kikubwa, makali yake yawe na urefu wa sentimita 20 hivi, hicho ndo cha nyama, vitunguu, kabichi, sukuma wiki, kila kitu. Kingine kidogo cha sentimita 8 mpaka 10 cha kumenyea viazi na kutolea mbegu. Kama mnakula sana mkate ongeza kile chenye meno, basi. Zile seti za visu sita kwenye stendi yake ziache dukani, utatumia viwili na vinne vitakaa vinashika vumbi, na pesa ya hivyo vinne ingekupa kimoja cha uhakika.

Hatua ya 2: Ukiwa dukani, angalia haya

Kwanza maandishi kwenye bapa. Wengi wanaangalia jina la kampuni, wewe tafuta namba za chuma. Ukikuta X50CrMoV15 hicho ni chuma cha aina wanayotumia sana Wajerumani, wale watengeneza visu wa mji wa Solingen, kina kaboni kama asilimia 0.5 na kromiamu kama asilimia 15. Kaboni ndo inayokipa ugumu wa kushika makali, kromiamu ndo inazuia kutu. Wachina wana kinachofanana nacho sana kinaandikwa 5Cr15MoV, na kwa bei yake hicho mimi nakikubali kabisa. Ukikuta 3Cr13 jua kaboni imeshuka mpaka asilimia 0.3 hivi, ni laini, kinanoleka haraka na kinaisha makali haraka, kwa kumenyea sawa lakini kwa kazi nzito hapana. Kikiandikwa stenlesi tu bila namba yoyote hujaambiwa kitu, maana hata kijiko ni stenlesi.

Pili, kiinue kwenye mwanga, makali yakuelekee wewe, angalia kuanzia kwenye mpini mpaka kwenye ncha. Mstari unatakiwa unyooke, usiwe umepinda kushoto wala kulia. Kisu kilichopinda toka kiwandani kitakusumbua siku zote kwenye jiwe. Angalia pia unene juu kidogo ya makali, kisu kinene hapo hata ukinoe vipi kitapasua karoti, hakitaikata.

Tatu, mpini. Chuma kizuri kinaingia ndani ya mpini mpaka mwisho na kinashikwa na ribiti, vile vijimisumari vinavyopenya mpini, utakiona kwa juu kama mstari umezungukwa na mbao au plastiki pande zote mbili. Pitisha ukucha pale chuma kinapokutana na mpini, kukiwa na mwanya ndo hapo maji na mabaki ya nyama yatakaa. Iko mipini ya plastiki iliyomwagiwa juu ya chuma, hiyo huoni ribiti lakini nayo ni imara na haina mwanya, wauza nyama wengi wanaipenda kwa sababu haishiki uchafu. Kishike kama unakata, kidole gumba na cha shahada vibane bapa mbele kidogo ya mpini, ukiona kinataka kuchomoka mkononi kirudishe.

Halafu kuna kimoja cha kukimbia kabisa, kile kinachoandikwa hakihitaji kunolewa maisha. Ukikiangalia kwa karibu kina vimeno vidogo sana kama msumeno, hakikati, kinararua, na vikiisha vile vimeno jiwe halivirudishi.

Nikwambie na kuhusu visu vya wahunzi, vile vinavyofuliwa kwa springi za gari. Watu wanavidharau kwa sababu havingʼai, wakati springi ni chuma chenye kaboni ya kutosha na fundi akikijulia moto kinashika makali vizuri mno. Shida yake ni kutu, maana hakina kromiamu ya kutosha. Ukikatia ndimu au embe bichi ukakiacha hivohivo mezani kinabadilika rangi hapohapo na chakula kinapata ladha ya chuma. Kama wewe ni mtu wa kufuta kisu kila ukimaliza kukata, nunua bila wasiwasi. Kama unajijua utakiacha kwenye beseni la vyombo mpaka kesho, chukua stenlesi. Hiyo stenlesi yenyewe ilianzia Sheffield kule Uingereza mwaka 1913 kwa mtaalamu wa vyuma Harry Brearley, na mwanzoni mafundi visu wa pale walilalamika kwamba chuma chake kigumu kufua na hakishiki makali, imechukua muda mpaka kufika tulipo.

Hatua ya 3: Jiwe

Mawe yana namba. Namba ndogo ni jiwe la kukwaruza, namba kubwa ni laini. Kuanzia 200 mpaka 400 ni la kisu kilichokufa kabisa au kilichopata pengo, 1000 ni la kazi ya kawaida, 3000 kwenda 6000 ni la kumalizia. Kwa nyumbani tafuta lenye pande mbili, 400 na 1000, unamaliza nalo kila kitu. Yale mawe ya kijivu ya bei rahisi ya madukani huwa hayana namba lakini yana upande wa kukwaruza na upande laini, nayo yanafaa kuanzia, usikae unasubiri upate la Kijapani.

Tupa, ile ya chuma ya mafundi, waachie wenye mapanga na majembe, kwenye kisu cha jikoni inakula chuma kingi na inaacha makali yenye mabonde. Ngazi ya saruji ni hivohivo, ina mchanga wa kila saizi, huwezi kupata makali yaliyolingana. Ukibanwa kabisa na huna jiwe, geuza kikombe cha kauri chini juu, ile duara ya kitako isiyo na rangi ni kinoo kizuri sana cha dharura.

Hatua ya 4: Kunoa kwenyewe

Hapa soma taratibu, ndo penye kazi.

Loweka jiwe kwenye maji mpaka viputo viache kutoka, dakika 5 mpaka 10 hivi. Kama halitoi viputo ni la aina isiyonyonya, limwagie maji juu tu inatosha. Weka kitambaa kibichi mezani na jiwe juu yake ili lisitembee, maana jiwe likitembea unajikata.

Sasa pembe. Kwa visu hivi vya kawaida tunataka nyuzi 20 kila upande, vya Kijapani nyuzi 15. Usitafute kifaa cha kupimia, fanya hivi, laza kisu kwenye jiwe halafu inua mgongo wake. Kisu kikubwa chenye upana wa sentimita 4 na nusu, mgongo uwe juu ya jiwe kwa sentimita 1 na nusu. Kisu chenye upana wa sentimita 3, mgongo uinuke sentimita 1. Ukitaka kujua kama umepatia, paka maka peni kwenye makali yote pande zote mbili, piga jiwe mara chache kisha angalia wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu, umelaza mno. Ukitoka kwenye ukingo mwembamba wa makali tu, umeinua mno. Ukitoka wote hapo ndo penyewe, uache mkono ukariri.

Shika mpini kwa mkono wako wa nguvu, vidole viwili vitatu vya mkono mwingine weka juu ya bapa karibu na makali, pale unaponoa ndo vidole vilipo. Sukuma na kuvuta, kandamiza kidogo kisu kinapokwenda, legeza kinaporudi. Anza karibu na mpini, sogea katikati, malizia kwenye ncha. Ukifika sehemu inayopinda kuelekea kwenye ncha inua kiwiko kidogo, usipoinua ncha itabaki butu na watu wengi wanaishia hapohapo wanashangaa mbona kitunguu kinashikana chini. Litatoka tope jeusi juu ya jiwe, usilioshe, hilo linasaidia kunoa, ongeza tone la maji tu jiwe likikauka.

Utajuaje upande mmoja umeisha? Siyo kwa kuhesabu. Makali yakifikiwa, chuma chembamba kinajikunja kwenda upande wa pili. Weka kidole gumba kwenye bapa upande ule ambao haukugusa jiwe, kitelezeshe kutoka mgongoni kwenda nje kupita makali, yaani unakatisha makali, usikipitishe kwa urefu wake kamwe. Utasikia kitu kinakwaruza kidogo kama ukingo wa kopo. Huo mkwaruzo lazima uusikie kuanzia kwenye mpini mpaka kwenye ncha, kama kuna sehemu haupo rudi ukanoe hiyo sehemu. Hapa ndo pana siri yote jamani, mtu anayelalamika amenoa nusu saa na kisu hakikati karibu kila mara aligeuza upande kabla ya mkwaruzo kutokea.

Ukishaupata geuza, noa upande wa pili mpaka mkwaruzo uhamie huku. Halafu punguza nguvu, piga mara moja upande huu mara moja upande ule, laini laini mpaka usiusikie tena. Malizia kwenye mkanda wa ngozi au kipande cha boksi kilicholazwa mezani, buruta kisu kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia.

Jaribu kwenye nyanya iliyoiva. Weka kisu juu, vuta bila kukandamiza. Kikiingia chenyewe umemaliza.

Hatua ya 5: Ile fimbo ya chuma ya watu wa bucha

Ukimwona muuza nyama anapitisha kisu kwenye fimbo shwa shwa, pale hanoi, ananyoosha. Makali yakitumika yanalala upande na fimbo inayasimamisha. Mara 5 kila upande kabla ya kuanza kazi, kwa pembe ileile na kwa mkono mwepesi, itakusogezea sana siku ya kurudi kwenye jiwe. Kisu cha Kijapani kigumu usikipitishe humo, kinaweza kumeguka makali, hicho kipeleke kwenye jiwe tu.

Ukimpa fundi wa baiskeli

Hawa mafundi wanaopita mitaani na gurudumu lao wanaweza kukuokoa, hasa kisu kikiwa kimeharibika sana. Simama pale umwangalie, muombe achovye kisu kwenye maji kila mara. Gurudumu likienda kwa kasi bila maji chuma kinapata moto, na ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu au zambarau ugumu wa pale umeshapotea, sehemu hiyo itaisha makali haraka mpaka siku utakapoinoa yote iishe. Akimaliza kipitishe kwenye jiwe lako upande wa 1000, maana gurudumu linaacha makali ya kukwaruza.

Hatua ya 6: Vitu vinavyoua makali

Sahani, sinia, kioo, marumaru, meza ya tailizi. Ukikatia juu ya hivyo hata ungenoa asubuhi jioni umerudi palepale. Katia kwenye ubao wa mti au wa plastiki. Na ukimaliza kukata usikombe vitunguu kwa makali kuvipeleka kwenye sufuria, geuza kisu ukombe kwa mgongo, hili dogo linaokoa makali kuliko mnavyodhani.

Mifupa ina shoka lake na panga lake. Kuku mpitishe kisu kwenye maungio, ukimkunja paja linafunguka lenyewe utaona njia. Nyama iliyoganda acha iyeyuke kwanza, na nazi usivunje kwa kisu chembamba.

Osha kwa mkono palepale, futa, kausha. Kwenye beseni la vyombo kinagongana na masufuria, na kuna mtu ataingiza mkono kwenye povu hajui kama kipo. Sisi wa pwani hewa ina chumvi, kwa hiyo kisu cha mhunzi kipake tone la mafuta ya nazi kabla ya kukihifadhi. Usikitupe kwenye droo la vijiko, kata kipande cha boksi, kikunje kwenye bapa, zungushia selotepu, tayari una ala.

Kwa nyumba ya kawaida, fimbo kila mara unapopika na jiwe kila baada ya miezi miwili mitatu, au siku yoyote nyanya ikigoma. Jiwe nalo angalia lisichimbike katikati, likishakuwa na bonde kisu kinanoleka kwa mviringo. Laza msasa kwenye kioo au kwenye tailizi iliyonyooka, mwagia maji, chora mistari ya penseli juu ya jiwe na ulisugue hapo mpaka mistari yote ifutike.