Namna ya Kumsaidia Mtoto Mwenye ADHD Katika Darasa la Awali

Mtoto wa miaka 4 asiyetulia kitini si lazima awe na ADHD, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto apate shida kuwa makini, kutulia au kujizuia, kwani umri huo wenyewe ni wa kuhangaika. ADHD hushukiwa pale ambapo kuhangaika, kukosa umakini au kutenda bila kufikiri kumezidi mno kiwango cha watoto wa rika lake, kumedumu kwa miezi 6 au zaidi, na kunaonekana shuleni na nyumbani pia. Kumbuka kwamba mtoto mdogo kuliko wote darasani huweza kuachwa karibu mwaka mzima na wenzake, hivyo akaonekana mtundu kwa sababu ya umri tu. Shauri pia apimwe masikio, na uulize kama analala vya kutosha. Utambuzi ni kazi ya daktari. Ya mwalimu ni kuandika alichokiona: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata.

Ukiandika hivyo kwa majuma kadhaa, mara nyingi utagundua kwamba vurugu nyingi hutokea watoto wanapoacha shughuli moja na kuanza nyingine, na hapo ndipo nguvu zako zielekezwe. Tuseme mtoto anajenga mnara wa vipande vya mbao, na muda wa hadithi umekaribia. Usimwite kutoka upande wa pili wa chumba. Mwendee, chuchumaa mbele yake, mwonyeshe picha ya mkeka wa kuketia wakati wa hadithi na umwambie: “Vipande viwili vya mwisho, halafu hadithi.” Akimaliza, mpe kikapu akibebe hadi kabatini, kwa sababu mwili wenye kazi huhama kwa urahisi kuliko ulioamriwa kutulia. Toa agizo moja kwa wakati. Anayeambiwa akusanye vitu, anawe mikono kisha aketi, huenda akakumbuka moja tu, nasi tukamwita mkaidi ilhali mengine yamemponyoka.

Wakati wa hadithi, mruhusu asimame nyuma au ashike kitu laini mkononi, maadamu hawasumbui wengine. Msifu papo hapo, tena kwa kutaja alichofanya: “Umengoja zamu yako.” Kumnyima muda wa kucheza nje kama adhabu ni kosa kubwa, kwa kuwa unamwondolea kile hasa kinachomsaidia kutulia.

Usimsahau mtoto mkimya anayetazama dirishani. ADHD ya namna hiyo, ambayo kwa wasichana hupitwa mara kwa mara, haivurugi darasa, na kwa hiyo haimshtui mtu. Mtoto mwenye usonji, hali nyingine ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu, naye huenda akaumizwa na kelele tu. Mtengee kona tulivu isiyotumika kamwe kwa adhabu, wala usimlazimishe akutazame machoni.

Mzazi wa mtoto mwenye ADHD amezoea kuitwa shuleni kusikiliza malalamiko, kwa hiyo anza na jambo ambalo mtoto amelifanya vizuri. Mweleze kwamba mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unatanguliza mafunzo ya malezi kwa wazazi na mbinu za darasani, kabla ya dawa, kwa watoto wa kuanzia miaka 4 hadi kabla ya kutimiza 6. Kisha kubalianeni picha na maneno mafupi yatakayotumika kwenu nyote wawili, ili mtoto asikie agizo lilelile anapoitwa kuoga jioni na anapoitwa mkekani asubuhi.