Somo: Kushinda kutwa kwenye mkutano wa mashabiki wa sai-fai Arusha, na ndoo yako kichwani

Wakuu, tangu nionyeshe picha za kofia yangu ya mwanaanga naulizwa siku ile ya mkutano wa sai-fai (hadithi na filamu za sayansi ya kubuni) inakwendaje. Bei sizitaji, maana bei ya soko la Kilombero inategemea umeamka na uso gani.

Hatua ya 1: Amua unakwenda kama nani, wiki tatu kabla.
Si lazima kuvaa. Wengi huja na jinzi na fulana. Ila ukivaa, watu wanakufuata wenyewe kukusemesha, na kwa sisi wenye aibu hiyo ni nafuu kubwa. Mambo haya hayakuanza jana. Mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki ulifanyika New York mwaka 1939, ukiwa na watu kama 200, na waliokuja na mavazi ya karne zijazo walikuwa wawili. Anayetajwa sana ni Forrest Ackerman, lakini aliyeyashona yote mawili ni mwenzake, Myrtle Douglas. Kwa hiyo fundi wako mpige picha naye.

Hatua ya 2: Kofia.
Tafuta ndoo nyeupe ya rangi ya ukuta, lita 10, uisugue. Igeuze mdomo chini, chora dirisha la uso kwa maka, kata kwa kisu kilichopashwa moto. Kata ukiwa nje, moshi wake si wa kuvuta. Kingo zitakukwangua pua, hivyo pasua tyubu ya baiskeli kwa urefu uzivalishe. Kioo ni ubavu wa chupa kubwa ya soda. Ndani bandika sponji la godoro kwa gundi ya viatu: kwenye paji, kisogoni na mashavuni. Iache ilale usiku mzima! Mimi nilivaa haijakauka. Nilitoka nimelewa harufu na nywele zangu zikabaki humo.

Toboa matundu kwa msumari wa moto, juu na nyuma. Asubuhi ya Julai hapa kwetu, bila matundu, unapumua mara tatu tu, kioo kinajaa ukungu na huoni kitu.

Kisha jaribu nyumbani: keti, inama ufunge kamba za viatu, nenda chooni ukiwa na ovaroli ya vazi lako la mwanaanga. Ukishindwa kimojawapo, rudi kwa fundi.

Hatua ya 3: Njiani.
Kofia iweke kwenye kiroba. Mimi niliivaa ndani ya kifodi, daladala zetu ndogo za Arusha, kutoka Sakina, konda akaniuliza, "Bosi, unakwenda kurina asali wapi?" Gari zima likacheka mpaka mjini. Na nauli nililipa ya siti mbili.

Hatua ya 4: Ukumbini.
Soma ratiba kwanza, usinunue kitu saa ya kwanza. Chagua mada mbili, siyo saba. Mimi nilikaa kwenye ile ya Uhura, afisa wa mawasiliano katika Star Trek, tamthilia ya runinga ya Marekani kuhusu safari za anga, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu hili hili, uhuru, na katika kipindi cha kwanza kurushwa, Septemba 8, 1966, kuna kiumbe kinajigeuza mtu na kumsemesha Kiswahili. Tuliposikilizishwa, mzee mmoja nyuma akasema, "Huyo Tanga hajafika." Mada ikaishia hapo, tukabaki kubishana kuhusu lafudhi za viumbe wa anga.

Hatua ya 5: Picha na chakula.
Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na vazi la mtu usilishike. Glavu za fedha zivue kabla ya nyama choma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi niko Moshi. Naweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo?
Unaweza, ni kama kilomita 80. Ila panda Coaster ya asubuhi, na jioni usingoje washindi wa mavazi watangazwe. Ovaroli tafuta huko huko Moshi, soko la mitumba la Memorial.

Kaka, mwanangu ana miaka tisa. Nimlete?
Mlete, dada, ila waulize waandaaji filamu zipi si za watoto. Kofia yake itengeneze kwa boksi, ndoo itamchosha shingo.

Hivi mtu mzima na ndoo kichwani, mnatafuta nini haswa?
Mzee wangu, wewe si ulikuwa uwanjani juzi umejipaka rangi usoni? Wewe na jezi yako, mimi na ndoo yangu.

Ndoo ya mafuta ya kula inafaa?
Inafaa ukiiosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu. Iliyowekwa asali usiguse, yule konda bado yuko kwenye ruti.