Kuvua wolai kwenye barafu: anza na chambo, ndoano itafuata

Wadau mliopo huku kwenye baridi, kila msimu wa barafu ukianza napata swali lile lile la kuvua samaki anayeitwa wolai kutoka kwa watu wetu wa Minnesota na North Dakota, na wengi wao sio wageni wa samaki kabisa, wamekulia kando ya ziwa, kuvua wanajua, ila wanasema nimenunua fimbo fupi, nimenunua keekee ya kutobolea barafu, nakaa masaa manne kwenye shimo, jirani anatoa samaki mi natoa macho tu, tatizo nini? Nikiomba picha ya walichofunga mwisho wa mshipi jibu linaonekana palepale. Ndoano kubwa kama ya sangara, na kidagaa, yaani kale kasamaki kadogo ka chambo, kilichotundikwa juu yake kimeshakata roho zamani.

Msimu wangu wa kwanza na mi nilivua hivohivo, miezi miwili nzima, ndo maana nayaandika haya kwa urefu.

Nimekulia Musoma. Mjomba alikuwa anatega migonzo ya sangara, ile mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, na chambo chake alichokiamini ni furu hai, visamaki vidogo vya ziwani, kazi yangu ilikuwa kushika ndoo, namkabidhi furu mmoja mmoja, anamchoma juu ya mgongo taratibuuu kama nesi anayemdunga mtoto sindano. Alikuwa anasema, mpwa wangu, furu akifa kwenye ndoano hapo hujatega, umetupa. Sikuupata uzito wa hayo maneno mpaka nimefika huku nikakuta wazee wa Kimarekani wanamfanyia kidagaa vilevile, polepole, mgongoni, juu ya ziwa lililoganda mpaka linabeba gari.

Kwahiyo shika hili moja: chambo ndo kinachagua ndoano, sio ndoano ichague chambo. Watu wanaingia dukani wanaenda kwenye ukuta wa ndoano, wanachukua pakiti inayovutia, alafu ndo wanageukia vidagaa. Geuza. Anza kwenye matangi ya vidagaa hai.

Kabla ya matangi, samaki mwenyewe. Wanaandika walleye, wanatamka wolai. Ni samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965, nyama yake nyeupe, haina shombo kali, ukimkaanga na ndimu na pilipili unasahau nje kuna theluji. Macho yake nyuma yana utando unaorudisha mwanga, ukimmulika tochi yanawaka kama ya paka, na wa kanda ya ziwa mtakumbuka sangara naye yuko hivohivo. Maana yake kwenye mwanga hafifu anaona kuliko vidagaa anaowawinda, na mda wake wa kula ni jua linapozama na alfajiri. Mwezi wa 12 maeneo ya Minneapolis jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, kwahiyo saa tisa uwe ushatoboa mashimo yako yote, usije ukaanza kunguruma na keekee saa ambayo samaki ndo anasogea mezani.

Alafu kuna baridi. Chini kabisa maji yana nyuzi kama 4 hivi, juu karibu na barafu ni 0, na mwili wa samaki unapoa na maji. Hakimbizi chambo mbali. Anasogea, anakiangalia, anakivuta mdomoni, akihisi kitu kigumu au kizito anakitema na wewe juu hujajua hata kama alikuja. Hapo ndo ndoano kubwa inakuponza.

Haya, matangi. Kwa kawaida utakutana na aina tatu. Kuna fathedi, kadogo, rangi ya udongo, kichwa kinene, sentimita 5 au 6, roho ngumu, bei nafuu, kama ndo unaanza beba hawa wala usifikirie mara mbili. Kuna shaina, mwembamba, anang'aa kama sarafu mpya, sentimita 7 au 8, na kule kaskazini Lake of the Woods huyu ndo chambo chenyewe, wanamtumia hata akiwa amegandishwa. Shida ya shaina ni roho nyepesi na ngozi nyepesi, ukimbana vibaya magamba yote yanabaki kwenye vidole vyako na ameshaharibika. Alafu kuna saka, mrefu kidogo, mgumu, anaogelea kwa nguvu, huyu mzuri ukiwa unawinda wolai mkubwa, ila ujue paiki, samaki mwingine mwindaji wa maziwa ya huku, naye anampenda na paiki ana meno ya kukata mshipi, utapoteza ndoano. Funza weupe wale wanaouzwa kwenye vikopo vidogo ni zaidi vya samaki wadogo, mi kwa wolai nawabeba mwisho wa msimu tu samaki wakiwa wamegoma kabisa.

Kuchagua kidagaa, angalia chini ya tangi. Wanaotulia chini, wameelekea upande mmoja, ukipitisha kichungi wanakimbia, hao wazima. Wanaoelea juu wanahema hewani, wenye alama nyeupe kama pamba ubavuni, achana nao hata kama muuzaji anakuongezea bure. Na muulize muuzaji, mwambie unaenda ziwa gani, maji yana rangi gani, wiki hii wanakula nini, wale watu wanapenda kuulizwa na watakueleza mpaka uchoke.

Sasa ukiwa na kidagaa kwenye ndoo ndo unaenda kwenye ukuta wa ndoano. Namba zinaenda kinyume kama tulivyozoea nyumbani, namba ikipanda ndoano inapungua, yaani 8 ni ndogo kuliko 4, mpaka ufike 1, baada ya hapo zinaanza 1/0, 2/0 na hizo zinakua kadri namba inavyopanda. Kwa fathedi chukua namba 8 au 6. Kwa shaina namba 4, akiwa mdogo 6. Kwa saka namba 2. Najua mtu aliyezoea ndoano za migonzo akiona namba 8 mkononi anahisi ametapeliwa, lakini wolai wa kilo moja na nusu anatoka vizuri kabisa na hiyo namba 8, na kidagaa kinaibeba kama hakijabeba kitu.

Umbo: tafuta ile fupi yenye tumbo pana na tundu lililopindia nyuma kidogo, na waya mwembamba. Waya mwembamba ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, unatoboa tundu dogo kwenye mgongo wa kidagaa na anaishi mda mrefu, waya mnene unampasua. Ukali pia, mdomo wa wolai una mfupa na meno, ndoano butu inateleza. Ijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, iburute bila kukandamiza, ikikwama na kuacha mstari ni kali, ikiteleza inoe au itupe. Rangi isikuumize kichwa. Maji yenye rangi ya chai dhahabu na zile zinazowaka gizani zinasaidia, maji meupe nenda na ya kawaida, basi.

Hapa kwenye kumchoma kidagaa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibika.

Lowanisha mkono kwanza. Mkono mkavu unamvua yule dagaa utelezi wake. Mshike kwa dole gumba na cha shahada, kichwa kimeelekea kwenye kiganja, usimkamue. Angalia lile pezi la mgongoni. Chini yake tu, kidogo nyuma, kuna sehemu ya nyama juu ya uti wa mgongo, unaingiza ndoano upande mmoja inatokea upande wa pili, juujuu, nyama kidogo kama ya kushonea kifungo. Ukizama chini ukagusa uti wa mgongo atatetemeka mara moja alafu anakakamaa, huyo ameisha, mtoe weka mwingine, usimteremshe kwa matumaini. Ukipatia utaona mwenyewe, ukimzamisha kwenye shimo anasimama sawa, anapepea mapezi, anaanza kuvuta mshipi kwenda chini kama anajua njia. Na fanya hii kazi ndani ya hema au mpe upepo mgongo, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kidagaa kilicholowa kinaganda mkononi wakati we bado unatafuta pezi.

Akiwa anakimbia sana kata kipande kidogo cha mkia na mkasi, anapungua mbio na anayumba kama mgonjwa, wolai anapenda kitu kinachoyumba.

Juu ya ndoano, kama sentimita 30 hadi 45, bana chubwi ndogo, yaani karisasi ka kuzamishia, ya kutosha tu kidagaa kisipande juu. Boya iwe ndogo, ibaki kidogo tu juu ya maji, samaki akivuta asihisi uzito. Kupima kina teremsha chubwi nzito mpaka ifike chini, weka alama, alafu chambo chako kikae sentimita 20 mpaka 30 juu ya sakafu ya ziwa. Sio kwenye matope. Wolai macho yake yanaangalia juu zaidi kuliko chini.

Minnesota wakati wa barafu sheria inakuruhusu mishipi miwili, na hapo ndo raha ilipo. Mmoja uwe huo wa kidagaa hai, umetulia. Wa pili funga kijiko, kile kibati kinachong'aa chenye ndoano ya meno matatu chini, na hicho usikiwekee kidagaa kizima, kiwekee kichwa tu. Kata nyuma ya matamvua, bana kwa kucha au mkasi, vimatumbo vikibaki vinaning'inia viache, harufu ndo hiyo. Jino moja tu la ndoano lipite chini ya taya litokee juu ya kichwa, mawili yaache wazi. Ukiweka kidagaa kizima kwenye kijiko kinazuia kijiko kucheza na samaki anang'ata mkia anaondoka. Unakipandisha kijiko nusu mita, unakiachia kianguke, mara tatu nne, alafu unatuliza. Kijiko kinamwita kutoka mbali, akifika akawa na mashaka anageuka anamkuta kidagaa hai pale pembeni anapepea. Jioni nyingi nimeona hivi, kijiko kinapiga kelele weee, na boya la jirani yake ndo linazama.

Kuwatunza hao vidagaa siku nzima: maji ya baridi, ndoo yenye mfuniko isiyopitisha baridi haraka, na kipampu cha hewa cha betri hasa kwa shaina. Usiwajaze, dazani mbili tatu zinatosha watu wawili. Maji ya bomba yana klorini, ukiyatumia yaache wazi toka jana yake, kama mji wako unatia kloramini hiyo haitoki kwa kuacha wazi, nunua dawa ya matone ya maji ya samaki wa mapambo. Na usiwahamishe kutoka maji ya sebuleni kwenda maji ya barafu ghafla, ongeza kidogokidogo.

Sheria msichukulie poa. Vidagaa vilivyobaki havimwagwi ziwani wala shimoni, ni marufuku, vinatupwa kwenye takataka, na ukitaka kuvirudisha nyumbani unamwaga maji ya ziwa na kuweka maji ya bomba au ya chupa palepale kabla hujaondoka, ni kwa ajili ya kutosambaza viumbe vamizi, na sisi tulioona ziwa letu likibadilika baada ya kuletwa sangara tunapaswa kuelewa hili haraka kuliko mtu yeyote. Usilete pia vidagaa kutoka jimbo lingine kuingia Minnesota. Na wa Kanada mliopo Alberta, samaki hai kama chambo kwenu haruhusiwi kabisa, tumieni waliokufa, kichwa kwenye kijiko kinafanya kazi vizuri tu. Leseni, msimu na idadi ya samaki vinatofautiana ziwa hadi ziwa, soma kitabu cha mwaka huo.

Barafu: kutembea kwa miguu idara ya maliasili ya Minnesota inasema angalau inchi 4 za barafu ngumu safi, kama sentimita 10, na ile nyeupe kama maziwa nguvu yake ni nusu. Pima mwenyewe unavyoenda, kila hatua kadhaa, usifuate nyayo za mtu. Vaa shingoni vile vyuma vyenye ncha kali vya kujivutia utoke barafu ikipasuka.

Na boya likizama usivute kwa pupa. Kwenye kijiko ukihisi kugongwa nyanyua hapohapo, lakini kwenye kidagaa hai wolai anambeba kwanza, anasogea naye, ndo anammeza. Shika mshipi kwa vidole viwili, boya liende chini taratibu, hesabu moja mpaka tano, zungusha mpaka mshipi unyooke na uhisi uzito wake upande wa pili, alafu nyanyua kwa mkono mmoja bila kukata kwa fujo. Ukisubiri sana atameza mpaka tumboni na kama ni mdogo wa kurudishwa utamuua, hiyo ikitokea usichokonoe, kata mshipi karibu na mdomo umwachie, ndoano ya namba 8 unayo nyingine mfukoni.