Gari Halichaji Betri? Pima Nyaya Kabla ya Kununua Alterneta
Taa ya betri ikiwaka safarini, wengi hununua betri mpya, na isipotosha, alterneta (jenereta ndogo inayozungushwa na injini na kuchaji betri). Mara nyingi kosa ni waya au mkanda tu. Andaa mita ya dijitali, spana namba 10, brashi ya waya na tochi.

1. Betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, pima volti. 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza kwa chaja, la sivyo vipimo vinavyofuata vitakudanganya.

2. Mkanda. Zima injini, toa ufunguo. Mkanda unaozungusha alterneta ukilegea, ukipasuka au ukiwa laini unaong'aa kama kioo, huteleza na alterneta haizunguki vya kutosha.

3. Washa injini. Pandisha mizunguko hadi 1,500 hivi kwa dakika, kisha pima volti kwenye betri. Kati ya volti 13.8 na 14.7, alterneta inachaji. Ikibaki 12 na kushuka, haichaji. Ikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha volti cha alterneta) imeharibika; usiendelee kuendesha, betri itachemka. Magari mapya ambayo kompyuta huongoza uchaji hupandisha na kushusha volti yenyewe, kwa hiyo pima tena taa zikiwaka.

Kamwe usichomoe betri injini ikiwa inanguruma eti kujaribu alterneta. Volti huruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari na dayodi (vipande vya alterneta vinavyogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu).

4. Nyaya. Hatua hii ndiyo hurukwa, nayo ndiyo yenye majibu mengi. Injini ikinguruma, washa taa kubwa na feni. Gusisha ncha moja ya mita kwenye boliti nene ya nyuma ya alterneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Mita isizidi volti 0.3. Kisha pima kati ya ganda la alterneta na hasi ya betri: isizidi 0.2. Ikizidi, umeme unapotelea njiani. Volti 0.5 tu ikipotea, betri huenda isijae vizuri, na sahani zake zikaganda salfa.

Injini ikiwa imezimwa, pima kati ya boliti ile na hasi ya betri: ikisoma sifuri, fyuzi kuu imeungua au waya umekatika.

Kusafisha: fungua hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Futa unga mweupe au wa kijani kwa maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha magadi soda, sugua hadi risasi ing'ae. Bonyeza waya karibu na klampu: ukivimba au ukikwaruza ndani, nyuzi zimeoza, badilisha. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho.

5. Alterneta yenyewe. Ufunguo ukiwashwa bila injini, taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, kagua balbu, fyuzi na plagi ndogo ya alterneta. Ikiwaka, nyaya ni nzima na bado haichaji, shuku brashi za kaboni zilizo ndani ya alterneta. Nyingi hubadilishwa peke yake. Injini ikinguruma, pima pia volti za mkondo geu (AC kwenye mita) kwenye betri: zikizidi 0.5, dayodi imekufa.